Lindo la Tai

Upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma mwezi Novemba katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kuna watu huamka mapema, huvaa makoti mazito, hubeba chupa za chai na darubini, wakapanda Hawk Mountain. Kilele chenyewe si kirefu. Hakifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Ni rundo la mawe ya kijivu lililokaa juu ya Kittatinny, safu ndefu ya milima inayokatiza jimbo lile kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi. Upepo ukiipiga safu hiyo ubavuni hauna pa kupita ila juu, na tai wanaotoka Kanada kuikimbia baridi huipanda hewa hiyo, wakateleza nayo mwendo mrefu bila kupiga bawa. Wakifika kwenye yale mawe huwa karibu mno na macho ya watu. Hapo yupo mtu na karatasi yake. Lindo lake hushikwa kila siku kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Desemba, na kazi yake ni moja: kuwahesabu tai, kozi, vipanga na ndege mbuai wengine wote wapitao.

Nauenzi ufundi huu kwa kuwa zao lake ni namba tupu, na namba haina alama ya mkono wa aliyeiandika. Anayeisoma miaka thelathini baadaye hawezi kumrudisha yule ndege angani akamtazama upya. Ama amwamini mhesabu, ama aitupe namba. Kwa hiyo kila kanuni ya lindo, hata iliyo ndogo kabisa, imewekwa ili msomaji ambaye pengine hajazaliwa aweze kumwamini mtu asiyemjua.

Kazi huanza kwa kuona, na kuona kwenyewe hufundishwa. Mgeni akifika juu ya mawe huinua darubini, akaizungusha huku na huku, asione kitu. Mzoefu huanza na ukingo wa milima. Huuweka sehemu ya chini ya duara la darubini na kuufuata polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kisha hupandisha kidogo na kurudi, kisha hupandisha tena. Kila baada ya muda huishusha darubini na kutazama kwa macho matupu, maana tai apitaye utosini humpati ukiwa umekodolea upeo. Siku ngumu kuliko zote ni ile ya anga safi lisilo na wingu, ijapokuwa mtalii ndiyo anayoisifia. Katika buluu tupu jicho halina pa kushika, na ndege aliye juu sana hupotea humo. Wingu jeupe ndilo msaada. Ndege akikatiza mbele yake huonekana papo hapo, doa jeusi.

Doa likionekana, wenzako nao lazima walione, tena haraka. Ndiyo maana pale Hawk Mountain vilele vya upande wa kaskazini vimepewa namba: Moja, Mbili, Tatu na kuendelea. Mtu husema tu, "Mmoja juu ya Tatu, kushoto kidogo, anakuja chini," na darubini zote hugeukia mahali pamoja. Kunyoosha kidole hakufai. Kidole kimoja hufunika sehemu kubwa ya anga. Aliyelelewa mashambani kwetu, akapandishwa kwenye dungu kuamia ndege mtama ulipoanza kukomaa, hatashangazwa na haya. Ukikaa muda wa kutosha ukitazama upande ule ule, unakijua kila kichaka, na chochote kisicho cha pale hujitokeza chenyewe.

Baada ya kuona huja kutambua, na hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Doa liko umbali wa kilomita mbili au zaidi. Rangi haionekani. Mdomo hauonekani, miguu haionekani, na vitabu vya ndege vyenye picha za kupendeza havisaidii kitu. Linaloonekana ni namna ndege anavyobeba mabawa yake. Tumbusi mwenye kichwa chekundu huyainua yakafanya herufi V iliyo wazi, naye huyumbayumba upande huu na upande huu, hatulii. Tai kichwa-cheupe, yule wa nembo ya Marekani, huyalaza yakawa bapa kabisa, na mwendo wake hauna mtikisiko. Tai dhahabu yuko katikati ya hao wawili: mabawa yameinuka kidogo tu, lakini mwili umetulia, hata upepo ukiwa mkali. Mhesabu aliyekomaa hutaja jina hapo hapo, kabla manyoya hayajaonekana, kisha hunyamaza akisubiri ndege akaribie ili ajisahihishe ikibidi.

Akikaribia, kazi haijaisha, kwa sababu umri nao huandikwa. Tai kichwa-cheupe mzima kila mtu anamjua, kichwa cheupe na mkia mweupe. Kinda lake lakini ni la rangi ya kahawia iliyokoza mwili mzima, na kutoka mbali hufanana na tai dhahabu. Kwa hiyo macho hutafuta weupe uko wapi. Kwa kinda la tai dhahabu, weupe hukaa kwenye shina la manyoya marefu ya bawa, ukaonekana kama madirisha mawili, na kwenye shina la mkia, ambao mwisho wake una ukanda mweusi. Kwa kinda la tai kichwa-cheupe, weupe uko kwapani na umetapakaa ovyo upande wa ndani wa bawa. Kisha kichwa: cha tai kichwa-cheupe hutokeza mbele sana, cha tai dhahabu ni kidogo. Yote haya huangaliwa katika muda ambao ndege anachukua kupita, na siku ya upepo mwingi muda huo ni sekunde chache. Hapana kumwambia arudi.

Wadogo wana mambo yao. Vipanga wa misituni wana mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu, nao hupiga mabawa mara kadhaa upesi upesi, wakateleza kidogo, wakapiga tena. Kozi wana mabawa yaliyochongoka na hawapotezi muda. Juu ya mlingoti karibu na mawe wahesabu huweka sanamu ya bundi, kwa kuwa vipanga wadogo humchukia bundi na hawawezi kumpita bila kumshambulia. Kipanga aliyekuwa anapita mbali hugeuka, akashuka kwa hasira hadi mita chache kutoka kichwani mwa mhesabu, na kwa nukta moja manyoya yake yote yanasomeka.

Kuna ndege ambaye hata mzoefu hamtambui. Alikuwa mbali mno, au jua lilikuwa nyuma yake, au alizama nyuma ya mlima mapema. Huyo huandikwa vivyo hivyo: mbuai mmoja, hakutambuliwa. Naona katika safu hiyo ya karatasi ndimo ufundi wote ulimo. Kishawishi cha kumpa jina ni kikubwa, hasa siku ikiwa imekuwa kavu na watu wamekaa wakitamani tai. Mhesabu mzuri hakubali kusukumwa na hamu yake wala na kelele za wageni waliomzunguka. Vilevile hamhesabu ndege mkazi wa mlima ule anayezunguka asubuhi nzima akitafuta panya, hata akipita mbele ya mawe mara kumi. Ni lazima amjue huyo mkazi, ajue hata unyoya uliokatika bawani mwake, asije akamwandika kuwa ni msafiri.

Karatasi hujazwa kwa saa. Kila saa moja huandikwa upepo unatoka wapi na kwa kasi gani, joto, mawingu, jicho linafika umbali gani, wahesabu walikuwa wangapi, ndege walipita kimo gani. Kisha aina moja moja na idadi. Na saa ambayo hakupita ndege yeyote huandikwa nayo, pamoja na upepo wake na mawingu yake, kisha sufuri. Sufuri hiyo imefanyiwa kazi sawa na mia. Bila yake mtu wa baadaye hataweza kujua kama ndege hawakuwapo au mhesabu ndiye hakuwapo. Tangu 1974 chama cha wahesabu wa Amerika ya Kaskazini kimefanya utaratibu wa namna hii uwe wa vituo vyote, ili saa moja ya mlima huu iweze kulinganishwa na saa moja ya mlima ule.

Lindo la Hawk Mountain lilizaliwa katika damu. Zamani mlima ule ulikuwa uwanja wa kupigia bunduki. Mwaka 1929 serikali ya jimbo iliweka zawadi ya dola 5 kwa kila kipanga mkubwa wa kaskazini aliyeuawa, na wapigaji hawakujisumbua kutofautisha. Walifyatua chochote chenye mdomo uliopinda. Mwaka 1932 mpenda ndege Richard Pough alipanda, akakusanya mizoga, akaipanga mistari chini ya miti na kuipiga picha. Picha hizo zilimfikia Rosalie Edge wa New York, mama aliyekuwa amepigania kura ya wanawake na hakuwa na tabia ya kusubiri ruhusa. Mwaka 1934 aliukodi mlima, baadaye akaununua, na akamwajiri kijana Maurice Broun kuulinda. Broun alikuja na mkewe, Irma. Irma alisimama barabarani kuwazuia watu wenye bunduki. Maurice alipanda juu na kuanza kuandika. Yeye alikuwa akihesabu, lakini ni Irma aliyefanya hesabu iwezekane, nami sioni kwa nini jina lake litajwe pembeni. Ukiacha miaka ya vita, 1943 hadi 1945, hesabu hiyo haijakatika tangu siku zile, na siku hizi hufikia wastani wa karibu ndege 18,000 kwa msimu.

Broun hakujua anamwandikia nani. Alijua tu kuandika tai mzima mbali na kinda, kwa kuwa ndivyo alivyoona. Rachel Carson, mwandishi aliyewahi kupanda mlima huo mwaka 1945, alipokuwa akitayarisha kitabu chake cha 1962 juu ya sumu za kuulia wadudu, alizirudia karatasi hizo. Kati ya 1935 na 1939, asilimia 40 ya tai kichwa-cheupe waliopita walikuwa makinda. Kati ya 1955 na 1959, asilimia 20 tu. Mwaka 1957 lilihesabiwa kinda moja kwa kila tai wazima 32. Tai wazima walikuwa bado wanapita, na mtu asiyetenganisha umri angesema mambo ni shwari. Kumbe ndege walikuwa wanazeeka bila kuzaa. DDT, mojawapo ya sumu hizo, ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972, na leo tai kichwa-cheupe hupita pale kwa mamia kila msimu. Ushahidi huo ulitokana na mtu aliyeketi juu ya jiwe akiangalia weupe uko upande gani wa bawa.

Lakini kuna safari nzima za tai zilizokuwa zikipita bila kuandikwa na mtu, na kisa ninachokipenda zaidi ni cha Kanada. Magharibi ya mji wa Calgary, katika bonde la Kananaskis, kuna mlima uitwao Lorette. Tarehe 20 Machi 1992 Peter Sherrington na mwenzake walikuwa bondeni wakiangalia ndege, wakamwona tai dhahabu juu ya vilele, akielekea kaskazini. Kisha mwingine. Kisha wengine. Hadi jua linazama walikuwa wamepita tai zaidi ya mia moja. Wataalamu hawakujua kuwa tai dhahabu husafiri kwa wingi namna hiyo katika Milima ya Rocky. Hesabu zilizofuata zilionyesha kuwa ni maelfu, kila mwaka, wakienda Alaska na Yukon majira ya kuchipua na kurudi kusini kabla ya theluji, karibu kabisa na jiji kubwa lenye watu wengi wapendao ndege.

Ilikuwaje wasionekane? Kwa sababu huruka juu ya vilele vinavyopita mita 2,000, na macho ya watu yalikuwa chini, kwenye misitu na mito. Wahesabu wa Lorette hukaa bondeni, si kileleni, shingo zimeinuka saa nzima nzima kwenye baridi kali ya Machi, wakiufuata ukingo wa theluji kwa darubini. Tai akiwa mbele ya theluji huonekana. Akipanda zaidi akaingia angani, anahitaji mtu ambaye jicho lake limekwisha kujifunza kutokata tamaa. Aliyewahi kushika darubini nzito dakika kumi mfululizo anajua mikono inavyotetemeka. Wale hufanya hivyo kutwa.

Ufundi mwingine kabisa unahitajika mahali ambapo ndege si mmoja mmoja. Karibu na mji wa Batumi, nchini Georgia, milima ya Kaukazi inaibana pwani ya Bahari Nyeusi. Mbuai wanaotoka Urusi na Ulaya ya Mashariki hawapendi kuvuka bahari, kwa kuwa juu ya maji hakuna hewa ya joto ya kuwapandisha, na vilele vya ndani vimefunikwa mawingu na mvua. Hubaki ukanda mwembamba, nao wote huingia humo. Tangu 2008 vijana wa kujitolea huhesabu pale kutoka vituo viwili, katika vijiji vya Sakhalvasho na Shuamta, na kwa msimu mmoja hupita ndege zaidi ya milioni.

Milioni moja huhesabiwa mmoja mmoja, au kumi kumi panapozidi. Kundi likipata hewa ya joto huzunguka likipanda, ndege mamia wamechanganyikana, na anayejaribu kuwahesabu wakiwa humo atapata namba ya kubuni. Mhesabu husubiri. Juu kabisa, hewa inapopoa, ndege wa kwanza huacha kuzunguka, hunyoosha mabawa na kuteleza kusini, na wengine humfuata mstari mmoja. Hapo darubini hutulizwa mahali pamoja, na kidole gumba hubonyeza kihesabio kila ndege anapokatiza. Mwenzake kando hutaja aina: shakivale anayekula nyigu, shakivale wa nyika, mwewe mweusi. Kwa redio huambiana na kituo cha pili kundi lipi ni la nani, lisihesabiwe mara mbili. Na katikati ya mto huo wa shakivale yupo tai madoa mdogo mmoja, ambaye lazima aonekane na atolewe peke yake. Kumtoa huyo mmoja bila kupoteza hesabu ya elfu waliobaki ni jambo ambalo siwezi kulielezea ila kwa kusema kuwa watu hulifanya, siku baada ya siku, hadi macho yanauma.

Ndege hao ni wetu pia. Wengi wao wakimaliza Georgia na Mashariki ya Kati hushuka hadi Afrika. Mvua za vuli zikianza, kumbikumbi wakafumuka ardhini, utawaona tai wa nyika na tai madoa wadogo wametua chini mbugani, ndege wakubwa namna ile, wakidonoa kumbikumbi mmoja mmoja. Lakini huku hakuna pwani wala mlima unaowabana wapite njia moja. Huenea nchi nzima, na lindo la kilele kimoja haliwezi kuwapata.

Kenya ilipata njia yake. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu ndege wadogo wahamaji usiku wa ukungu, mwezi Novemba na Desemba, wakawavisha pete na kuwaachia. Kwa mbuai, kilichotumika ni barabara. Miaka ya 1970 wachunguzi waliendesha gari wakihesabu kila tai, kila mwewe na kila tumbusi aliyeonekana, wakaandika njia, tarehe na kilomita. Kazi ya namna hiyo ilirudiwa kati ya 2003 na 2020. Karatasi za vipindi vyote viwili zilipowekwa pamoja na matokeo kuchapishwa mwaka 2022, kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua. Tai wa nyika ni mmoja wao, na tangu 2015 yumo katika orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Sumu inayowekwa kwenye mizoga na nyaya za umeme zinawaua, na mbuga wanazowindia zinageuka mashamba. Ndani ya hifadhi upungufu ulikuwa mdogo kuliko nje, na hilo linajulikana kwa sababu mtu fulani, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, alipovuka mpaka wa hifadhi alisimamisha gari na kuanza ukurasa mpya.